Mmoja Bisibisi, Mwingine Kalamu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kichwa cha fundi Mama Barafu kimo ndani ya friji. Kiwiliwili kimebaki nje, magoti yamekunjwa juu ya kipande cha boksi, na sauti yake inatoka humo nzito kama ya mtu aliye kisimani.

"Kosa la kipimo ni nini?" anauliza. Anajijibu mwenyewe. "Kosa la kipimo ni tofauti kati ya... kati ya..." Linafuata neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Mteja aliyekuja kuulizia feni yake anasimama mlangoni, hajui aingie au arudi alikotoka. Anamgeukia mama mkwe wa fundi, ambaye kila asubuhi huketi pale kwenye kiti cha plastiki akiuza maji ya baridi.

"Anagombana na nani?"

"Anagombana na chuo kikuu," anajibu mama mkwe bila hata kutabasamu. "Feni yako ipo tayari, baba. Chukua uende, leo hasemeshwi huyo."

Leo ni Jumatatu. Keshokutwa Mama Barafu ataingia kwenye maabara ya chuo asichokizoea, mbele ya mhadhiri asiyemjua, kujibu maswali ya somo ambalo alikwisha kulifaulu kwenye chuo chake cha zamani. Akishinda, anaingia mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi wa umeme, masomo ya jioni, na karakana yake inabaki wazi mchana. Akishindwa, anarudishwa mwaka wa pili. Na mwaka wa pili katika chuo hicho hufundishwa mchana tu.

"Mchana ndiyo huu," anasema, akichomoa kichwa na kuonyesha friji tano zilizopangwa ukutani, mbili zikiwa wazi matumbo nje. "Nikienda darasani, nani atafungua hapa? Nikifunga hapa, watoto watakula kitabu? Mume wangu ni dereva wa lori. Mwezi ukiwa mbaya anarudi na mgongo unaouma, basi."

Anafuta mikono kwenye dera lake, anakumbuka kwamba dera ni safi, anaguna. Tangu wiki iliyopita, anasema, amekuwa akisahau vitu. Juzi alimrudishia mwenye duka la dawa friji ya mwenye bucha, na ya mwenye dawa akampelekea mwenye bucha.

Ana umri wa miaka thelathini na sita na ufundi wa miaka zaidi ya ishirini. Alianza akiwa msichana, akimshikia tochi mjomba wake, fundi aliyekuwa na sifa kubwa na macho madogo.

"Mjomba alikuwa haoni vizuri, na hakutaka watu wajue," anasimulia. "Kwa hiyo yeye alikuwa anasema, mimi naingiza mkono. Mteja anaona mzee anaongea kwa madaha, kumbe anayefunga skrubu ni mtoto. Mikono yangu ilijua kazi kabla mimi sijaijua."

Akasomea cheti cha ufundi, akafungua karakana, akaolewa, akazaa wawili. Chuo kikuu hakikuwamo kwenye hesabu zake, mpaka alipoitwa kutengeneza chumba cha baridi cha hospitali, kile kinachohifadhi chanjo. Alikitengeneza siku mbili mfululizo. Siku ya tatu akaja mhandisi, akauliza kama kimepoa, akaambiwa kimepoa, akaweka karatasi juu ya boneti ya gari na kusaini.

"Simlaumu hata kidogo. Sheria inataka saini ya mhandisi, na mhandisi ni yeye," anasema. "Lakini niliumia. Niliumia sana, nikufiche nini? Nikajiambia, na mimi nataka siku moja kazi yangu iwe na jina langu chini yake."

Ndivyo alivyojiunga na masomo ya jioni kwenye chuo kidogo kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Na ndiko alikokutana na mtu wa pili katika simulizi hii.

Mtu huyo ni karani wa shule ya sekondari, mwanamume mpole wa miaka arobaini na mbili, shati limepigwa pasi mpaka kola inaweza kukata mkate. Pasi hiyo lakini haipigi yeye. Akiwa mdogo alirushwa na umeme wa pasi iliyochubuka waya, na tangu siku hiyo hata swichi ya taa huibonyeza kwa ncha ya kidole. Shule anayofanyia kazi ina maabara ya umeme iliyofungwa kwa kukosa mwalimu. Mkuu wa shule amemwahidi: akipata shahada, funguo za maabara ni zake.

Mtu anayeogopa umeme kusomea umeme! Mwandishi alimuuliza kama hakuona somo lingine.

"Wanafunzi wanapita pale dirishani wanachungulia vifaa vimefunikwa vumbi," Karani alijibu. "Mimi ndiye ninayefunga lile dirisha kila jioni. Nimechoka kulifunga."

Vifaa vya chuo chao vilikuwa vichache, kwa hiyo wanafunzi walikaa wawili wawili kwenye meza, na kila wawili waliandika ripoti moja yenye majina mawili. Siku ya kwanza ya somo la Vipimo vya Umeme, Karani aliugusa waya kama mtu anayegusa nyoka kujua kama amekufa. Mama Barafu alivumilia dakika chache. Kisha akampokonya bisibisi.

"Lete hapa, kaka, tutazeeka humu. Wewe una mwandiko mzuri, andika."

Karani akaandika. Wiki iliyofuata bisibisi ikaenda moja kwa moja kwa mwenyewe, na kalamu kwa mwenyewe. Mmoja alifunga saketi na kusoma mita kwa sauti. Mwingine alichora jedwali, akakokotoa, akaeleza kwa nini. Walipata alama za juu kuliko darasa zima. Kidole kimoja hakivunji chawa, waliambiana, na wakacheka, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Mwaka jana chuo kile kikafunga masomo ya jioni. Wanafunzi wakaambiwa watafute pa kuhamia. Chuo kikubwa cha upande wa pili wa mji kikakubali kuwapokea, kwa sharti kwamba kila somo lilinganishwe na la kwao, na masomo ya maabara yaambatanishwe na ripoti.

Hapo ndipo marafiki hawa wawili walipojifunga kamba wenyewe. Kila mmoja alitoa nakala ya ripoti zile zile, mwandiko ule ule, akaziweka kwenye bahasha yake na kuipeleka kwa moyo mweupe. Bahasha mbili zikafika kwenye meza moja.

"Afisa wa uhamisho alituita pamoja," Mama Barafu anakumbuka. "Akatuuliza, nani kati yenu ameandika hizi? Karani akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akauliza tena, na nani amefunga hizi saketi? Nikanyoosha mimi. Akatutazama, akasema, kwa hiyo hapa nina mwanafunzi mmoja mwenye mikono minne."

Hakuna aliyewatuhumu kwa udanganyifu. Chuo cha zamani kiliruhusu ripoti za pamoja, na majina yote mawili yalikuwapo. Lakini chuo kipya kinataka mtu mmoja mmoja. Kila mmoja ana masomo kumi na sita. Kumi na matano yamekubaliwa, la kumi na sita limebaki mlangoni. Na ndilo lenye ufunguo, kwa sababu bila Vipimo vya Umeme mwanafunzi hawezi kusajiliwa kwa somo lolote la mwaka wa tatu. Wakapewa mtihani wa kuthibitisha: kila mmoja afunge saketi mwenyewe, apime mwenyewe, aandike ripoti mwenyewe, kisha aulizwe.

"Tangu siku hiyo," anasema mama mkwe akiwa pale kitini, "nyumba hii chumvi inatiwa mara mbili au haitiwi kabisa."

*

Jumanne mchana Karani anaomba ruhusa kazini na kuja karakana. Amevaa shati lake la pasi, suruali ya kitambaa, na mabuti ya mpira yanayofika magotini.

"Huyu naye anakwenda kulima?" mama mkwe anauliza.

"Shikamoo mama," anajibu Karani kwa heshima. "Ni kinga ya umeme."

"Marahaba. Pita, mkulima wangu."

Mpango ni kufundishana. Karani anampa fundi karatasi tupu, anamwambia apime umeme wa friji moja na aandike ripoti. Fundi anaishika kalamu kwa nguvu utadhani itakimbia. Baada ya muda mrefu anatoa mistari mitatu: nilipima, ikasoma hivi, friji ni nzima.

Karani anaisoma. Anaisoma tena. "Dada yangu, hii ni ripoti au ni salamu za redioni?"

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo. Lakini hujasema kwa nini. Na hapa, ulipima volti kabla ya friji kuanza kufanya kazi, au inapofanya kazi?"

"Kabla. Siku zote napima kabla, kwenye soketi. Umeme ukiwepo, upo."

"Na friji ikishaanza kuvuta? Ripoti zetu zote zina safu mbili. Kabla ya mzigo, na wakati wa mzigo. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisomea namba!"

Mama Barafu anaiweka kalamu chini. Anasema alikuwa anazisoma namba hizo kweli, lakini hakuwahi kuziangalia zikiwa zimekaa pamoja. Mama mkwe anageuza kiti kumtazama.

"Muuza maziwa," fundi anasema hatimaye.

Muuza maziwa ana duka mtaa wa pili. Friji yake ilikuwa haipoi, Mama Barafu akaijaza gesi. Ikaendelea kutopoa, akaijaza tena. Mwishowe akasema ni uzee wa mashine, muuza maziwa akakubali kwa huzuni, na maziwa yake yakaendelea kuchacha.

Fundi anachukua mita, Karani anamfuata na mabuti yake, na mwandishi nyuma yao. Dukani wanakuta kitu ambacho fundi alikiona kila alipokuja, asikione: umeme unatoka duka la jirani kwa waya mrefu, mwembamba, uliozungushwa nyuma ya makreti. Anapima soketi friji ikiwa imezimwa. Umeme umejaa. Anaiwasha, anapima tena. Umeme umeshuka vibaya sana, waya umemeza sehemu yake njiani, na mashine inahangaika kuanza mpaka inajizima.

Mama Barafu anakaa juu ya kreti. "Haikuwa gesi," anamwambia muuza maziwa. "Ni waya huu. Ile gesi yote ilikuwa ya bure, kaka yangu. Nisamehe."

"Ya bure kwako," anajibu muuza maziwa. "Mimi nililipa."

Wanacheka wote, ila kicheko cha fundi kinaisha mapema. Siku hiyo hiyo anamfungia waya mnene na kumwahidi matengenezo ya mwaka mzima bila malipo. Njiani kurudi, Karani anamuuliza anawaza nini.

"Nawaza ni wangapi wengine," anasema. "Miaka ishirini, Karani. Na kesho nakwenda kuulizwa, na hili nimelijua leo."

Saa iliyobaki inatakiwa iwe ya Karani: afunge saketi kwa mikono yake. Anapiga goti mbele ya ubao wa mazoezi, anaugusa waya wa kwanza, anavuta pumzi. Mara tatu ananyoosha mkono kuchukua bisibisi, na mara tatu bisibisi imekwisha kuchukuliwa. "Subiri nikuonyeshe," fundi anasema. "Hivi. Umeona? Rahisi." Karani anaitikia kwamba ameona. Jua linashuka, saketi imefungwa vizuri, na aliyeifunga ni Mama Barafu.

Hakuna aliyeligundua hilo, na mwandishi aliyekuwa akitazama naye alikuwa anafikiria habari za waya wa muuza maziwa.

*

Jumatano. Ukumbi mrefu, sakafu imepigwa deki, benchi moja la mbao nje ya mlango wa maabara. Mama Barafu amekuja na mama mkwe, aliyefunga duka lake la maji kwa mara ya kwanza mwaka huu. Karani yupo mwisho wa benchi, mabuti miguuni, midomo ikicheza bila sauti.

Fundi anaitwa kwanza. Kupitia kioo cha mlango anaonekana akifunga saketi upesi, kama mtu anayemsuka mtoto nywele. Kisha anapewa karatasi, na mabega yake yanapanda mpaka masikioni. Anaandika, anafuta, anaandika. Nje, mama mkwe amefumba macho na kushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Anapotoka, uso wake umeloa jasho. Anasimulia kwa haraka, maneno yakigongana.

"Mhadhiri ameniuliza, kipimo kinaweza kuwa sahihi na bado kikakudanganya? Ile sentensi ya ndani ya friji ikapotea yote. Nikamwambia, mwalimu, nina muuza maziwa. Nikamweleza tangu mwanzo. Akaniuliza, kwa hiyo ulimtia gesi bure? Nikasema, mara mbili, mwalimu. Akaandika kitu. Sijui kaandika nini. Mama, kaandika nini?"

"Mimi nilikuwa huku nje, mwanangu," anasema mama mkwe. "Kunywa maji."

Karani anaingia. Sasa ni zamu ya fundi kutazama kupitia kioo, na anatazama mpaka kioo kinapata ukungu wa pumzi yake. Kazi ni ndogo: taa moja, waya, mita ya kupima mkondo. Karani anafunga waya wa kwanza. Wa pili. Anainua mita, anasita, anaiunganisha moja kwa moja kwenye ncha mbili za chanzo cha umeme.

"Si hapo," Mama Barafu ananong'ona kwenye kioo. Mkono wake wa kulia umenyooka mbele, vidole vimejikunja kushika kitu ambacho hakipo. "Si hapo, kaka, iweke ndani ya njia..."

Ukasikika mlio mfupi, kama mtu kapiga kofi moja. Fyuzi imekwenda. Karani ameruka hatua nzima nyuma, mabuti yakalia sakafuni, na hakurudi mezani.

Sentensi isemayo mita ya mkondo huwekwa ndani ya njia, kamwe si kwenye ncha za chanzo, imo katika ripoti zao karibu zote. Ameiandika Karani, kwa mwandiko ule mzuri.

Mhadhiri, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, alitoka kabla ya adhuhuri. Alimwambia Mama Barafu kwamba somo lake limekubaliwa na ajisajili mwaka wa tatu. Ripoti yake ni fupi mno, lakini kila kilichomo anakijua. Kisha akamwambia Karani kwamba maelezo yake ni mazuri kuliko ya wanafunzi wake mwenyewe, ila hawezi kumpa maabara mtu anayeikimbia. Atampa mtihani tena Jumatano ijayo. Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa yake, kwa hiyo hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Mama mkwe alipiga kigelegele, akakikata katikati alipomwona Karani.

"Hongera, fundi," alisema Karani. Alilisema kwa moyo, hilo lilionekana. Kisha akainama kutazama mabuti yake.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mama mkwe alimwambia.

Mama Barafu alikuwa ameketi na kuigeuzageuza mikono yake mapajani, akiitazama. Alipoongea, aliongea na mwandishi, taratibu.

"Mimi ndiye nilimpokonya bisibisi. Siku ya kwanza kabisa. Na jana tena, mara ngapi sijui. Nilidhani namsaidia, kumbe namzuia. Mjomba alinipa tochi, halafu akanipa kazi yote kwa sababu alikuwa haoni. Huyu anaona vizuri. Nilichomnyima ni nafasi ya kukosea."

*

Jumamosi asubuhi karakana imefunguliwa, lakini kuna kibao cha boksi mlangoni: leo hakuna kazi mpaka saa sita. Wateja wawili wamekwisha kufukuzwa na mama mkwe.

Karani amepiga goti mbele ya ubao wa mazoezi. Mabuti bado anayo. Ameunguza fyuzi mbili tangu asubuhi, na kila moja ilipolia aliruka, lakini ya pili aliruka kidogo tu, akarudi mwenyewe na kuibadilisha. Kola ya shati imelegea kwa jasho.

Mama Barafu anasema mipango yake haijabadilika. Anataka kumaliza, apate leseni, arudi kwenye chumba cha baridi cha hospitali na kusaini karatasi juu ya meza, si juu ya boneti. Ripoti za mwaka wa tatu ataandika mwenyewe; Karani ameapa hatashika kalamu yake hata akilia. Lakini kuna jambo ameongeza.

"Nataka siku hiyo, wakati mimi nasaini, yeye awe yuko kwenye maabara ya ile shule, dirisha liko wazi," anasema. "Asipopita Jumatano, sijui nitakaaje peke yangu kwenye ile meza. Silali vizuri. Kabla nilikuwa naogopa kwa ajili yangu, na huko kulikuwa kuogopa kidogo."

Karani ameinua mita. Ameushika waya mmoja, na wa pili unaning'inia.

"Fundi," anaita bila kugeuka. "Huu nauingiza wapi?"

Mama Barafu anafungua mdomo. Mlangoni, mama mkwe anakohoa kwa makusudi. Fundi anafunga mdomo. Ameketi kwenye stuli ya chini, hatua moja tu kutoka kwenye ubao, na mikono yote miwili ameikalia.

"Sijui, Karani," anasema. "Tazama mwenyewe."